Jina Lako kwenye Laini ya Mtu

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu wastaafu, Tanga

Walimu wangu, shikamooni.

Asanteni. Mmeitikia ukumbi mzima, hata waliokuwa wakifuta miwani na hawajaona bado ni nani aliyesimama hapa mbele. Shikamoo ikitamkwa, marahaba inatoka yenyewe. Naomba mliweke hilo pembeni, nitalirudia.

Nimekaa miaka 11 nyuma ya dawati la huduma kwa wateja la kampuni ya simu. Kampuni gani, tuache; tabu zenyewe zinafanana. Mteja anavuta kiti, anaweka simu mezani, anageuka kuangalia nani yuko nyuma yake, kisha anashusha sauti kama aliyekwenda kwa daktari kueleza ugonjwa wa siri: "Mwanangu, kuna jambo." Nikiisikia sauti ile nilikuwa najua kabla hajaendelea. Ama laini yake imekufa ghafla na pesa zimeondoka, ama polisi wamempigia kumuuliza habari za namba asiyoijua, ama anadaiwa mkopo ambao hakuukopa.

Magazeti yanapenda kuuandika wizi huu kama kazi ya vijana wenye akili nyingi waliojifungia chumbani na kompyuta. Vijana hao wapo. Lakini katika miaka ile 11, wengi wa walioketi mbele yangu hawakuibiwa na mtu wa namna hiyo. Waliibiwa na mtu waliyemwonea haya kumkatalia. Na wengi wao wakazidi kuumia kwa sababu waliona haya kusema kwamba wameibiwa. Mengine yote nitakayoyasema leo yamo humo.

Nianze na karanga. Siku moja pale stendi nilinunua karanga za shilingi mia mbili, zimefungwa kwenye kikaratasi kilichokunjwa pembe. Nilipozimaliza nikakikunjua, mazoea tu ya mtu aliyefundishwa kusoma kila kilichoandikwa, na lawama hizo ni zenu. Ilikuwa nusu ya chini ya fomu ya mkopo. Picha ya mama mmoja amejitanda mtandio. Jina lake la kwanza, la kati na la ukoo. Namba ya simu. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20. Sahihi. Dole gumba la wino wa buluu, na juu yake chumvi ya karanga imeganda. Nikampigia yule mama nimwambie. Akanisikiliza kidogo, akasema, "Tapeli mkubwa wewe," akakata. Sikukasirika. Ningekuwa mimi ningekata mapema zaidi.

Yule mama hakuwa amefanya kosa lolote. Alikwenda mahali kuomba mkopo, akaambiwa alete nakala, akaleta. Ofisi ikakaa na fomu yake, siku moja ikahama jengo, makaratasi yakauzwa kwa kilo. Jina lake likafika stendi likiwa na karanga ndani.

Hapa Tanga wazee wetu wa mashamba ya mkonge walikuwa na kipande. Kadi ya siku 30: kila siku ya kazi inatiwa alama, kadi ikijaa mtu analipwa. Hatukisifu kipande hapa, kilikuwa chombo cha kumbana mtu. Ila nyapara aliyekitia alama alimjua mwenye kadi kwa sura, kwa mwendo, kwa kikohozi. Leo aliye upande wa pili wa simu hajui sura yako. Anajua tarakimu. Mwenye tarakimu zako ndiye wewe, mpaka uthibitishe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha unabebeshwa wewe, si yeye.

Tuzitazame basi tarakimu zenyewe. Toeni vitambulisho, msimwoneshe jirani. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo si siri hata kidogo: mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1957, namba yake inaanza na 19570603. Sasa nawauliza, na msinijibu kwa sauti: namba ya siri ya akaunti yako ya pesa kwenye simu ni ipi? Nimewahi kumuuliza mteja kama amewahi kumtajia mtu namba yake ya siri, akaapa kwa Mungu hajamtajia mtu, hata mkewe. Ilikuwa 1954. Ilikuwa imechapwa mbele ya kitambulisho chake, na kitambulisho hicho alikuwa amekiacha kwa mlinzi wa geti saa tatu nzima. Kama ya kwako ni mwaka wako, au wa mtoto wako wa kwanza, ibadilishe kabla hujafika nyumbani. Sitalisema tena.

Namba ya siri ikivuja inabadilishwa. Namba ya NIDA haibadilishwi, unazeeka nayo. Kadi ikipotea unachukua ripoti ya upotevu polisi, unaomba kadi nyingine, na kadi mpya inakuja na namba ileile. Kidole nacho ndicho hicho. Ndiyo maana habari ya kidole nataka niikalie.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba mwaka huo. Mnakumbuka mirundikano ile. Rais Magufuli mwenyewe alisajili laini yake Chato siku za mwisho za Desemba na akaongeza muda hadi tarehe 20 Januari 2020. Foleni za NIDA zilianza alfajiri, na kila kona ya mji palikuwa na kijana chini ya mwavuli wa rangi, na kishikwambi, na kile kidude chenye taa nyekundu. Jua kali, watu hamsini nyuma yako. Unaweka kidole. Kijana anasema, "Hakijasoma, mama. Weka tena." Unafuta kidole kwenye kanga, unaweka. "Tena." Unaweka. "Sasa kile kingine." Mara ya nne anasema, "Tayari, mama yangu, pole kwa usumbufu," nawe unamshukuru kwa uvumilivu wake.

Kweli vidole vya wazee havisomeki vizuri. Chaki miaka 30, sabuni, jembe, michoro inafutika. Kijana anaweza kuwa anasema kweli. Lakini anaweza pia kuwa amesajili laini yako mara ya kwanza, na mara tatu zilizofuata amesajili laini nyingine tatu kwa jina lako. Wakala analipwa kwa idadi ya laini, na laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine ina mnunuzi wake. Mnunuzi huyo ndiye atakayekutumia siku moja ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii." Namba hiyo ina jina la mwalimu mstaafu wa Muheza ambaye wakati huo anamwagilia mchicha.

Mimi mwenyewe niliyekaa kwenye kampuni ya simu yalinifika. Kuna siku dawatini, kazi zimepungua, nikabonyeza *106# kwenye simu yangu, nikafuata maelekezo, nikaingiza namba ya NIDA. Zikaja namba tano zilizosajiliwa kwa jina langu. Mbili zangu. Moja niliisajili kwa ajili ya mama kijijini. Mbili sizijui. Nilikaa nikizitazama kama mtu aliyekuta viatu vya kiume mlangoni kwake. Unadhani nilisimama palepale nikamwambia msimamizi? Nilinyamaza siku nne. Niliona haya: mimi ninayewafundisha wengine, nitaanzaje? Siku ya tano nikapeleka kitambulisho, nikajaza fomu ya kuzikana namba zile, zikafungwa. Siku zile nne moja kati ya namba hizo ilikuwa ikiendelea kupiga simu kwa watu, ikiwa na jina langu.

Hivyo kidole kikidaiwa mara ya pili, uliza. Si kwa ugomvi. Sema, "Mwanangu, geuza hiyo skrini niione." Kama hakikusoma, patakuwa na maandishi yanayosema hivyo. Asipotaka kugeuza, chukua kitambulisho chako uondoke, na hao hamsini walio nyuma yako waache wasonye. Na ukiambiwa kidole ni kwa ajili ya zawadi, au promosheni, au kuhakiki tu, hapo hata skrini usiombe. Kwa utaratibu, kurudisha laini iliyopotea kunataka kidole cha mwenyewe. Kijana asiye mwaminifu anaweza kukuomba kidole kwa jambo hili huku amefungua ukurasa wa jambo lile.

Sasa ile shikamoo.

Simu inaita saa nne asubuhi, muda ambao watoto wako kazini nawe uko peke yako. "Shikamoo mzee." Marahaba. "Naongea na Mwalimu Fulani, uliyestaafu shule ya msingi kadha wa kadha?" Ndiyo, mwanangu. "Mzee, pole na majukumu. Nakupigia kutoka makao makuu, ni kuhusu mapunjo ya mafao yako. Faili lako limekaa mezani kwangu hapa, nikaona huyu ni sawa na baba yangu, ngoja nimsaidie leo kabla mfumo haujafungwa."

Sikilizeni alivyojengwa huyu. Amekuamkia. Amekupa pole. Amekuita baba. Ametaja shule, na shule ameitoa kwenye orodha iliyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, au kwenye daftari la wakala, lile linaloachwa wazi kaunta kila mteja anaandika jina, namba, kiasi na sahihi, na wa nyuma anasoma. Kwa malezi yetu, mtu aliyekuamkia vizuri hivyo huwezi kumkatia simu. Anakwambia kuna tarakimu sita zitaingia kwenye simu yako, umsomee. Unamsomea, maana umevaa miwani na unaona fahari bado unasoma vizuri. Tarakimu zile sita ni za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Kufika saa tano ndugu zako wote wameshaombwa wakukopeshe laki moja, kwa jina lako na picha yako ya Idi.

Ofisi haipigi simu kuomba namba ya siri, wala tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Si benki, si mfuko wa pensheni, si kampuni ya simu. Nilikaa kwenye dawati hilo, sikuwahi kuihitaji namba ya siri ya mteja hata siku moja. Akianza kuitaja nilikuwa naziba masikio. Mwenye kutaka kukusaidia kweli hatakasirika ukisema, "Ahsante mwanangu, nitakuja ofisini." Mwambie hivyo, kata. Dhambi ya kukata simu ya mtu mwenye adabu nitaibeba mimi. Kisha ule ujumbe aliokutumia usiufute kwa hasira. Utume kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili hiyo, utaulizwa namba ya aliyekutumia.

Stesheneri nitapita haraka, ingawa pana mengi. Unapomtumia kijana wa stesheneri picha ya kitambulisho kwa WhatsApp akuchapie, picha imebaki kwenye simu yake. Ukimpa akiskani, imebaki kwenye kompyuta, tena ile ya mbele kabisa, kwenye faili liitwalo "vitambulisho." Simama hapo mpaka aifute, na aifute mbele yako. Nakala unayoipeleka ofisi yoyote, iandike kwa kalamu katikati, juu ya picha bila kuifunika sura: "Kwa kufungua akaunti tu," na tarehe. Kuna karani atakayenuna. Mwache. Nakala hiyo hata ikifungiwa karanga, haitafaa kuombea mkopo kwingine.

Na laini yenyewe iwekewe namba ya kuifunga. Simu ikiibiwa, mwizi hahitaji kuifungua. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, tarakimu zote za benki zinaingia kwake. Laini iliyofungwa itamdai namba, akikosea mara tatu itamdai PUK, namba ya kuifungulia, ambayo imeandikwa kwenye kile kikadi cha plastiki ulichokitupa siku uliyonunua laini. Wajukuu wanajua pa kubonyeza. Mwambie mjukuu akuoneshe, kisha namba uiweke mwenyewe amegeuka.

Tuje kwenye siku yenyewe ya kuibiwa.

Alinijia mwalimu mkuu mstaafu, suti ya kaunda imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Laini yake ilikufa Jumatatu. Alidhani mtandao unasumbua. Jumanne akaona jirani mwenye mtandao uleule anapiga simu vizuri. Akaelewa. Akakaa. Alikuja kwangu Jumatano ya wiki iliyofuata, siku tisa baada ya laini kufa. Nikamuuliza, mwalimu, kwa nini hukuja siku ileile? Akatazama kalamu zake. "Nilikuwa natafuta namna ambayo watoto wasijue." Kiinua mgongo chake kilikuwa kwenye benki iliyounganishwa na laini ile. Wezi walichukua kidogo kidogo kila siku, kadiri mfumo ulivyowaruhusu kwa siku moja. Angekuja Jumanne wangekuwa wamechukua mara mbili. Walichukua mara kumi.

Kwa hiyo simu yako ikiandika hakuna mtandao na wa jirani upo, usisubiri. Azima simu yake. Kwanza kampuni ya simu: waambie wafunge laini na akaunti ya pesa. Halafu benki, papohapo, wazuie akaunti. Namba za benki na za mtandao wako ziandike leo kwenye karatasi, maana ulizozihifadhi kwenye simu zimekufa na simu. Pesa iliyotumwa kwa mwizi inaweza kuzuiwa ikiwa bado iko kwenye akaunti. Ikishatolewa kwa wakala, unafukuza moshi. Halafu watoto na majirani, wajue kwamba anayeomba hela kwa jina lako si wewe. Hapo ndipo wengi wanakwama. Kuipigia benki ni rahisi. Kumwambia mwanao "nimetapeliwa" ndiyo kazi.

Halafu polisi, ukachukue RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Wapo wanaoona ni kupoteza muda kwa sababu mwizi hatakamatwa. Huenda hatakamatwa. RB ni ya kwako, si ya kwake. Inaonesha kwamba kuanzia siku ile, saa ile, ulisema huyu si mimi. Siku namba yenye jina lako ikitumika kumtapeli mtu wa Mbeya, mpelelezi ataanza kwa mwenye jina, na mwenye jina ni wewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15, ni kali kwa anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya alichojipatia, kipi kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote. Ukali huo uwe upande wako, usiwe mlangoni kwako. Weka nakala ya RB na zile za fomu zote kwenye bahasha moja, na kwenye daftari andika ulizungumza na nani, saa ngapi, akakujibu nini. Nyinyi mliandika maandalio ya somo kila siku maisha yenu yote, hilo halitawashinda.

Habari ya mkopo usioukopa ni ndefu zaidi, na nasema kwa uchungu kidogo. Anayekudai hataki kusikia kwamba si wewe. Usilipe hata shilingi moja "ili waache kusumbua," kulipa ni kukubali deni. Wajibu kwa maandishi, ambatisha RB, uwatake wakuoneshe mkataba na namba iliyopokea pesa. Omba pia taarifa yako kwenye taasisi za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, uone ni nani mwingine aliyekopa kwa jina lako. Hizi programu za mikopo za kwenye simu ni balaa jingine: nyingine zinasomba majina yote ya kwenye simu ya mkopaji, akichelewa wanakutukana wewe uliye kwenye orodha. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume yake. Ofisi iliyouza fomu yako kwa muuza karanga unaweza kuishtaki huko. Bado hatujazoea. Tunaona karatasi tuliyoijaza ni ya ofisi. Ni yako.

Jirani zetu Wakenya walipata somo hilo kwa mkupuo mmoja mwaka 2021, walipowezeshwa kuangalia mtandaoni kama ni wanachama wa chama cha siasa. Wengi wakakuta wamo kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuvijongelea, jina na namba ya kitambulisho vimeandikwa sawasawa. Kelele zilizopigwa ni za watu wote kwa pamoja, hakuna aliyeona haya, kwa kuwa kila mtu alikuwa na wa kucheka naye. Ndiyo maana nilikataa kuja hapa kuzungumza na mmoja mmoja pembeni, kama mlivyoniomba mwanzo.

Toeni simu. Bonyezeni *106#, halafu kitufe cha kupiga. Someni maelekezo, msikimbilie. Mwenye laini za mitandao miwili arudie kwenye kila moja. Namba ya NIDA ingiza mwenyewe, usimpe jirani akuingizie, hata kama ni mwalimu mwenzio wa miaka 40. Kalamu na karatasi zipo kwenye viti. Ziandikeni zote zinazokuja, kisha muweke alama kwenye mnazozijua.

Nasubiri. Mtandao wa ukumbi huu ni mzito.

Bibi pale nyuma, mwenye khanga ya kijani, naona umeinua mkono halafu umeushusha. Uinue tu. Ngapi zimekuja? Saba. Na unazozijua? Tatu.

Haya, njoo mbele na kitambulisho. Tuanze na wewe.